Ushauri unahitajika: kituo cha wageni kati ya Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron

Msanifu Chipukizi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya usanifu majengo, na mradi wangu wa kuhitimu ni kituo cha wageni cha Engare Sero, kwenye ile tambarare iliyobanwa kati ya ukuta wa Bonde la Ufa upande wa magharibi, Ol Doinyo Lengai upande wa kusini na Ziwa Natron upande wa kaskazini. Ni mradi wa darasani na hakuna atakayeujenga, lakini nimejiwekea sharti la kuuchora kana kwamba fundi anaanza kuchimba msingi mwezi ujao, kwa sababu nimechoshwa na michoro ya wanafunzi, yangu ikiwemo, inayoitwa endelevu kwa kuwa tu imepakwa rangi ya kijani na kuwekewa paneli mbili za jua juu ya paa.

Mahitaji niliyopewa ni ukumbi wa maonyesho, mgahawa, duka, ofisi, vyoo na mnara wa kutazamia mandhari, jumla ya mita za mraba 600. Nilikwenda kuliona eneo kwa siku tatu mwezi wa Februari. Mlima unaokaribia mita 3,000 unainuka ghafla kutoka bondeni, na ziwa limelala kwenye kimo cha mita 600 hivi, na katikati yake hakuna kitu kirefu kuliko mgunga. Niliporudi chuoni, kila jengo nililochora lilionekana kama doa kwenye shuka jeupe.

Wanafunzi wenzangu wananishauri niige umbo la boma la Kimaasai, nyumba za duara na paa la nyasi. Msimamizi wangu anapendelea jiwe na ukuta mkubwa wa kioo unaoutazama mlima. Mimi mwenyewe nimevutiwa sana na kituo cha Mapungubwe kule Afrika Kusini, kilichokamilika mwaka 2009 kwa usanifu wa Peter Rich, ambacho kuba zake zilijengwa kwa vigae vyembamba vya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, zaidi ya vigae 200,000, vilivyofyatuliwa na wakazi wa eneo lenyewe. Nilitaka kuhamishia kuba hizo Natron. Je, wazo hilo lina mashiko? Na kituo kikae wapi hasa: karibu na ziwa, karibu na kijiji, au kwenye njia ya kuelekea mlimani? Nitashukuru pia kwa neno lolote kuhusu maji, maana hapo ndipo kalamu yangu inapokwama kabisa.

Mzee wa Ramani alijibu:

Kijana wangu, nimechora majengo kwa zaidi ya miaka thelathini, mengi yake mikoa ya kaskazini, na jambo la kwanza ambalo ningelifanya kwenye meza yako ni kuzichukua hizo mita za mraba 600 na kuuliza ni ngapi zinazohitaji kuta. Maonyesho yenye vitu vya kutunzwa yanahitaji kuta. Ofisi, stoo na vyoo vinahitaji kuta. Mgahawa hauhitaji, duka linahitaji kabati la kufungwa usiku tu, na mahali pa kukaa na kuutazama mlima panahitaji kivuli, upepo na benchi. Ukilitenga hilo utagundua kwamba jengo lako la kweli ni mita 180 au 200 za mraba, na kilichobaki ni baraza. Babu zetu wa pwani walilijua hilo, kwamba sehemu ya nyumba inayopokea wageni ni ile iliyo nje ya mlango.

Kuhusu jua, una bahati ambayo wasanifu wengi hawaipati. Uko chini kidogo ya nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la saa sita mchana linaegemea kaskazini na mwezi Desemba linaegemea kusini, na pande zote mbili huwa juu sana kiasi kwamba ukingo wa paa wa mita moja na nusu unatosha kulizuia. Maadui ni jua la asubuhi na la alasiri, linaloingia kwa ubavu. Sasa tazama: mlima uko kusini, ziwa liko kaskazini. Jengo refu na jembamba lililonyooka kutoka mashariki kwenda magharibi litatazama vitu vyote viwili ambavyo mgeni amevifuata, na wakati huohuo litalipa jua ubavu wake mfupi. Ukuta wa Bonde la Ufa ulioko magharibi utakusaidia kulimeza jua kabla halijazama. Mara chache sana mandhari na hali ya hewa hukubaliana namna hiyo. Usiiharibu neema hiyo kwa kulizungusha jengo kuwa duara.

Hapo ninakuja kwenye boma. Wanawake wa Kimaasai ndio wajenzi wa nyumba zao, na nyumba hiyo ya fito, udongo na samadi ni fupi na ina matundu madogo kwa sababu za msingi kabisa: moto unawaka ndani, ndama wanalala ndani, na familia inahama. Ukilichukua umbo hilo na kulikuza mara sita ili liwe mgahawa, umebakiwa na kofia bila kichwa. Iga mpangilio wake ukitaka, jinsi boma linavyozunguka uwazi ulio salama, na jinsi mlango unavyojua anayeingia. Umbo liache kwa wenyewe.

Ukuta wa kioo ni tanuri. Tena uko kwenye ziwa ambalo heroe wadogo, au flamingo kama wengi wanavyowaita, wanalitegemea kuliko lolote lingine Afrika Mashariki kwa kuzaliana, na ndege na kioo kikubwa ni mchanganyiko mbaya popote duniani. Mnara nao ufute. Mgeni aliyesimama kwenye tambarare ile tayari anauona mlima mzima. Mnara utamsaidia tu kuona mnara.

Weka paa mbili, moja juu ya nyingine, zikiachana kwa nusu mita ili upepo upite katikati na kuondoa joto kabla halijafika kwenye dari. Kama unataka mfano wa karibu wa kutumia jiwe la volkano bila majivuno, tazama kituo cha utafiti wa sokwe wa milimani kilichofunguliwa Kinigi, Rwanda, mwaka 2022, ambacho kuta zake ni za jiwe la mahali pale na majitaka yake husafishwa kwa kupitishwa kwenye vinamasi vilivyotengenezwa. Kwako vinamasi havitafaa kwa sababu huna maji ya kuchezea, lakini nidhamu ile ya kutumia kilichopo ni ya kujifunza.

Mwongozaji wa Natron alijibu:

Namshukuru Mzee kwa maelezo yake. Mimi si msanifu. Kazi yangu ni kuongoza wageni mlimani na ziwani, kwa hiyo nitaeleza jinsi siku inavyokwenda, kwa sababu naona michoro mingi inadhani mgeni anafika saa nne asubuhi akiwa amevaa nguo safi.

Wanaopanda Lengai huondoka karibu na saa sita za usiku ili wafike juu alfajiri, kabla jua halijaufanya mteremko kuwa moto kama kikaango. Wanarudi saa nne au saa tano za asubuhi wakiwa wamejaa vumbi jeupe, magoti yanatetemeka, na hawataki kusoma bango lolote. Wanataka maji, kivuli, mahali pa kuvua viatu na choo. Wanaokwenda ziwani hutoka asubuhi na mapema au saa kumi na moja jioni, kwa sababu saa saba mchana kule hakuna binadamu anayetembea kwa hiari yake. Kwa hiyo kituo chako kinatumika zaidi saa tano usiku, saa nne asubuhi na jioni. Mchana ni mahali pa kujificha. Mwanga wa usiku uwe wa chini, unaoangaza miguu tu, kwa sababu mgeni anayekaribia kupanda anahitaji macho yake yazoee giza, na kwa sababu nyota za pale ni sehemu ya alichokilipia.

Kituo kisikae ziwani. Ukingo wa Natron unahama. Maji hayafiki mita tatu kwa kina, kwa hiyo mvua kidogo inalisogeza ziwa mamia ya mita na kiangazi kinalirudisha nyuma na kuacha ganda la magadi. Heroe hujenga viota vyao mbali katikati, juu ya vichuguu vya tope, na kinachowalinda ni kwamba hakuna mtu anayeweza kufika. Gari likifika karibu na ukingo leo, kesho litataka kufika mbele zaidi. Kisikae mlimani pia. Lengai ni Mlima wa Mungu, na kuna watu wanaokwenda kuomba chini yake, hasa wakati wa ukame. Hawahitaji kupita kwenye duka la vikombe.

Kikae pembeni mwa kijiji, kabla ya nyumba, upande ambao gari linatokea, ili magari yaishie hapo. Tafadhali chunguza kwanza njia za ng'ombe kwenda kwenye maji. Hazimo kwenye ramani ya setilaiti kwa namna ambayo mgeni anaweza kuzitambua, lakini kila mchungaji anazijua, na uzio unaokatiza njia hiyo utabomolewa ndani ya msimu mmoja, tena kwa haki. Wanawake wanaouza shanga uwape mahali pa mbele penye kivuli, pasipokuwa na kodi, wala wasiwekwe nyuma karibu na jikoni. Mara nyingi wamekuwa wa mwisho kukumbukwa, na hao ndio mgeni anaozungumza nao muda mrefu kuliko sisi sote.

Ardhi yenyewe ni ya kijiji, kwa hiyo hata katika mradi wa darasani ningependa kuona kwenye ripoti yako ukurasa unaosema kwamba mkutano mkuu wa kijiji umekaa na kuamua. Ukiuacha ukurasa huo, mengine yote ni mapambo.

Mhandisi wa Miundo alijibu:

Nitajibu swali la kuba, kwa sababu naona limepitwa, na lina hatari.

Mapungubwe ni kazi nzuri mno na ilistahili tuzo ya jengo bora la mwaka 2009 iliyopewa katika tamasha la kimataifa la usanifu. Lakini kuba ya vigae visivyo na nondo inasimama kwa mgandamizo tu. Kila kigae kinamsukuma mwenzake, na nguvu inashuka hadi kwenye msingi bila sehemu yoyote kuvutwa. Bonde la Limpopo limetulia kiasi cha kuruhusu hilo. Wewe uko ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 17 Julai 2007 lilitokea tetemeko la ukubwa wa 5.9 karibu na mlima Gelai, jirani kabisa na eneo lako, likiwa sehemu ya mfululizo wa matetemeko uliodumu kwa wiki kadhaa, na watu waliokuwa kwenye maghorofa ya Nairobi walilihisi. Tetemeko linasukuma jengo kwa ubavu, na kuba isiyo na nondo ikisukumwa hivyo upande mmoja unaanza kuvutwa, jambo ambalo kigae hakiwezi kulistahimili. Inawezekana kuiimarisha kwa nyavu maalumu na mikanda ya zege, lakini hapo umeanza kununua vifaa vya kutoka mbali na faida yako ya mwanzo imeyeyuka. Chukua kutoka Mapungubwe namna ya kazi: udongo wa mahali, mashine ya mkono, na wakazi wanaofundishwa ufundi ambao unabaki mikononi mwao. Kuba ziache zilikozaliwa.

Badala yake tumia kuta fupi za tofali za udongo-saruji zinazofungamana, aina ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi imekuwa ikiieneza nchini kwa miaka mingi. Matundu yake yanapitisha nondo wima, na juu unaufunga ukuta kwa linta ya mfululizo inayozunguka jengo lote. Paa liwe jepesi na lishikwe barabara.

Sasa majivu. Mwezi Septemba 2007, wiki chache baada ya tetemeko hilo, Lengai uliacha kutiririsha lava yake ya kawaida na kuanza kurusha majivu, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2008. Majivu yaliyolowa yenye kina cha sentimita kumi yana uzito wa kati ya kilo 100 na 200 kwa kila mita ya mraba. Kama paa lako ni mita za mraba 450, hizo ni tani 45 hadi 90 ambazo mwanafunzi wa kawaida hakuziweka kwenye hesabu. Mteremko wa paa uwe mkali kiasi cha kuyafanya yateleze, na pawe na ngazi salama ya kumfikisha mtu juu na ufagio.

Jambo la tatu ni magadi yenyewe, na hapa naomba usome polepole. Vumbi la pale ni alkali. Alumini ambayo kila mtu huiona kama haina kutu huliwa na alkali ikipata unyevu, kwa hiyo fremu za madirisha na vipepeo vya alumini, yaani vile vibao vya dirishani vya kupitisha hewa, vitachakaa kabla ya mbao. Zege nalo lina ugonjwa wake: kokoto na mchanga wa volkano mara nyingi huwa na chembe za kioo cha asili, na chembe hizo zikikutana na alkali nyingi ndani ya zege hutengeneza uteute unaovimba ukipata maji na kulipasua zege kutoka ndani, taratibu, kwa miaka. Usichanganye zege kwa maji ya vijito vya magadi, pima mchanga kabla ya kuutumia, na punguza zege kadiri uwezavyo. Kwa bahati nzuri kupunguza zege ndiko pia kunakopunguza safari za malori kwenye barabara mbovu ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Mto wa Mbu.

Na kwa kuwa kuna mtu atakayekushauri ujenge kwa lava ya Lengai yenyewe ili jengo liwe na hadithi: lava hiyo ni ya ajabu duniani, inatoka nyeusi kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, lakini imejaa chumvi za sodiamu ambazo zikipata unyevu hubadilika kuwa nyeupe na kusagika. Ukuta wake utakuwa unga kabla ya sherehe ya ufunguzi. Kuna mawe mengine ya volkano ya zamani kwenye eneo hilo ambayo ni magumu, hayo tumia.

Mtunza Mambo ya Kale alijibu:

Ningependa kuongeza jambo ambalo wachangiaji waliotangulia hawajaligusa. Karibu na Engare Sero kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizohifadhiwa kwenye majivu yaliyoganda, zenye umri wa kati ya miaka 5,760 na 19,100. Zilionwa kwanza na mkazi wa mahali hapo, kisha watafiti wakaja. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, kundi moja la watu 17 lililotembea pamoja lilitafsiriwa kuwa la wanawake wazima 14, wanaume wawili na kijana mmoja. Mgeni akisimama pale na kuelezwa hayo, hahitaji skrini ya kugusa.

Kishawishi cha kwanza cha msanifu ni kuzijengea nyayo hizo paa na kulifanya jambo hilo kuwa kiini cha kituo. Kabla hujafanya hivyo, jifunze kutoka Laetoli, kule Ngorongoro. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilifukuliwa mwaka 1978 na 1979 na kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey, kisha zikafunikwa kwa mchanga. Katika mchanga ule mlikuwa na mbegu za migunga. Mbegu ziliota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo, na katikati ya miaka ya 1990 ilibidi wataalamu wazifukue tena, waondoe miti, wazifunike upya kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na kuweka mawe juu. Hadi leo anayefika hapo anaona rundo la mawe, na nakala ya nyayo anaiona kwenye jumba la makumbusho la Olduvai lililofunguliwa mwaka 2017 ukingoni mwa korongo. Wageni wengine hulalamika. Mimi naona ni uamuzi wa watu wazima: kilicho cha thamani kuliko vyote hakionyeshwi.

Kuna la pili kutoka Laetoli ambalo linakuhusu zaidi. Palipokuwa na pendekezo la kujenga jumba jipya la makumbusho pale pale, Profesa Fidelis Masao na wenzake walichimba mashimo ya majaribio ili kuona ujenzi ungeathiri nini. Ndani ya mashimo hayo wakakuta nyayo nyingine ambazo hakuna aliyezijua, mita 150 tu kutoka zile za mwanzo, na ugunduzi huo ukatangazwa mwishoni mwa mwaka 2016. Fikiria kama mkandarasi angetangulia. Kwa hiyo katika ratiba yako ya mradi, mashimo ya majaribio yawe ya kwanza, na mchoro wa msingi usubiri majibu yake. Tathmini ya athari kwa mazingira ni sharti la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini kama Mwongozaji alivyosema, kwenye ziwa linalohama mita 60 hazina maana kubwa, na busara inataka umbali zaidi. Kule Uingereza, kituo cha wageni cha Stonehenge, ule mduara wa mawe makubwa ya kale, kilichofunguliwa mwaka 2013 kiliwekwa takriban kilomita mbili na nusu kutoka kwenye mawe yenyewe, ili mawe yabaki na nyasi zake.

Kwa msanifu huu ni ushauri mchungu: msingi wako usichimbwe kwa kina, na jengo liweze kuondolewa bila kuacha kovu.

Msanifu Chipukizi alijibu:

Nawashukuru wote, na Mzee wa Ramani hasa kwa ile kofia bila kichwa, ambayo nimeibandika ukutani.

Nimechora upya. Kituo sasa kiko mashariki ya barabara inapokaribia kijiji, ni jengo moja refu lenye upana wa mita sita, limelala mashariki hadi magharibi. Vyumba vyenye kuta ni mita za mraba 190, vilivyobaki ni baraza chini ya paa moja la mita za mraba 450 linalomwaga maji upande mmoja. Mnara nimeufuta, na msimamizi wangu amenuna. Kuta ni tofali za kufungamana juu ya msingi wa mawe wa kina kifupi. Hakuna uzio.

Swali lililobaki ni lilelile la maji. Je, mvua ya paa inatosha? Nimefikiria vyoo vya kuvuta maji kwa kuwa wageni wa nje wamevizoea.

Mhandisi wa Miundo alijibu:

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua mvua ya milimita 400 kwa mwaka kama dhana ya kusanifia katika eneo kavu kama hilo, na uthibitishe baadaye kwa takwimu za hali ya hewa. Ondoa asilimia 20 inayopotea. Paa lako litavuna lita 144,000. Ukiwa na wageni 60 kwa siku na kila mmoja akatumia lita 20, kama inavyokuwa kwenye vyoo vya kuvuta, unamaliza lita 1,200 kila siku na tanki linakauka baada ya siku 120. Ukitumia vyoo vikavu vinavyotenganisha mkojo, na maji yakabaki ya kunawa, kupikia na kunywa, lita sita kwa mtu zinatosha, nayo ni lita 360 kwa siku, kwa hiyo mavuno yaleyale yanakufikisha siku 400. Choo ndicho kinachoamua kama kituo chako kinaweza kuishi. Wageni watazoea, mradi kiwe kisafi, chenye hewa, na mtu anayelipwa kukitunza.

Ukubwa wa tanki usiutoe kwenye mavuno ya mwaka bali kwenye kiangazi kirefu. Miezi mitano ni siku 150, mara 360, lita 54,000. Gawanya kwenye matanki matatu, ili moja likichafuka mengine yabaki.

Usichimbe kisima kwa matumaini tu. Maji ya chini ya ardhi kwenye maeneo mengi ya volkano za kaskazini yana floraidi iliyozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka, na meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha na Kilimanjaro ni ushahidi unaotembea. Majivu ya Lengai nayo yana floraidi, kwa hiyo hata maji ya paa hayako salama moja kwa moja. Weka bomba la kumwaga milimita mbili za mwanzo za kila mvua, ambazo kwa paa lako ni lita 900, na mlima ukianza kutoa majivu mtunzaji aweze kuutenga mfereji wa paa na matanki kwa valvu moja anayoifikia akiwa chini.

Mkazi wa Magadi alijibu:

Nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ninaishi karibu na Ziwa Magadi, ambalo ni ndugu wa Natron, na kuhusu vumbi la magadi Mhandisi amesema kweli tupu. Misumari ya kawaida kwangu huwa inatangulia bati kuoza.

Nimeandika kumwelekeza mwenye mada Olorgesailie, kwenye barabara ya kutoka Nairobi kuja kwetu. Ni eneo la mashoka ya mawe ya kale ambalo Louis na Mary Leakey walilifanyia kazi katika miaka ya 1940. Mashoka mengi yameachwa ardhini yalikokutwa. Juu yake kuna njia nyembamba iliyoinuliwa kwa nguzo, na mgeni anatembea juu yake akiangalia chini bila kukanyaga kitu. Kuna paa za kivuli, jumba dogo la maonyesho na vibanda vichache vya kulala. Hakuna kitu pale kinachoweza kuingia kwenye jarida la usanifu, na nimewapeleka watoto wangu mara nne. Ukipata nafasi, nenda na futi yako upime urefu wa zile nguzo na upana wa njia, kwa maana watu wawili wanapishana hapo bila kubanana, na ni kipimo ambacho hukitaki kukibuni upya.

Mwongozaji wa Natron alijibu:

Nimeuona mchoro mpya aliouweka mwenye mada. Mashariki ya barabara ni sawa, lakini pale alipochora maegesho ya magari panapita korongo ambalo mwezi Februari huwa kavu na linafanana na njia. Mvua kubwa ikinyesha juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, maji yanashuka hapo hata kama kijijini hakujadondoka tone. Sogeza maegesho mita 80 kuelekea kusini, kwenye mwinuko wenye migunga mitatu, na uiache migunga yote mitatu. Ukija tena, njoo Aprili wakati wa masika uone maji yanakopita, na uje na viatu usivyovipenda.